Kikundi cha Wakubwa

Binti yangu ana miaka minne na miezi minane. Nimeanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, baada ya watu kuwa wameshaamua mambo yao. Miaka minne. Hajang'oka jino hata moja. Akivaa viatu mwenyewe, cha kulia kinaenda mguu wa kushoto. Tukichinja kuku ananiuliza huyo kuku ataamka saa ngapi.

Ila mwili wake umetangulia. Amemfuata baba yake, mtu ambaye akiingia nyumbani kwetu huinamisha kichwa mlangoni hata akiwa na hasira. Mimi ni fundi wa kushona. Nina kibanda changu hapa mjini Kakamega, nashona sare za shule, kwa hiyo vipimo vya watoto navijua kuliko wazazi wao. Binti yangu anavaa gauni la mtoto wa miaka minane, na mabegani bado linabana.

Watu wanaona gauni, hawaoni mtoto. Siku moja sokoni alilia kwa sababu nilimnyima ndizi ya tatu. Mama anayeuza mboga akaacha kufunga sukuma, akamtazama.

"Huyu ako gredi ya ngapi?"

"Ako chekechea."

"Bado? Kwani alirudia?"

Mtoto wa jirani yangu ana miaka sita na ni mdogo kama paka. Akimwaga uji anaambiwa pole. Wangu akimwaga uji anaambiwa, "Msichana mkubwa hivi!" Hilo neno nimelisikia mpaka likitamkwa nauma meno.

Basi, sarakasi.

Tulikuwa harusini Malava, kwa upande wa mama mkwe wangu, na vijana fulani walikuwa wameitwa kutumbuiza. Wakapandana mabegani, wakabingirika, mmoja akaruka kupitia ndani ya pete ya moto. Binti yangu alisahau soda mkononi mpaka ikammwagikia. Kuanzia siku hiyo nyumba yangu haikuwa na amani. Alibingirika kutoka kitandani hadi mlangoni. Alibingirika juu ya vitambaa vya wateja. Kwa bibi yake alibingirika juu ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, akatoka na punje kwenye nywele, na bibi mtu badala ya kumchapa akaita majirani waje waone.

Niseme ukweli, hakuwa anajua. Alikuwa anaanguka kwa mpango tu. Lakini kila akimaliza aliinuka, akapanua mikono na kungoja makofi, na kama hakukuwa na mtu wa kupiga, alijipigia mwenyewe.

Hicho ndicho nilichotaka kukipeleka kwa kochi, mwalimu wa sarakasi hapa mjini. Hiyo furaha. Sikuwa natafuta medali.

Mafunzo yalikuwa kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, magodoro ya zamani yameshonewa turubai na kupangwa sakafuni. Vikundi vilikuwa viwili. Cha wadogo, miaka minne na mitano, kilikutana saa nane mchana, na mzazi alitakiwa kubaki pale mpaka mwisho. Cha wakubwa, miaka sita hadi tisa, kilikutana saa tatu asubuhi, na mzazi alimwacha mtoto mlangoni akaenda zake. Anayeijua Kakamega ameshaelewa. Saa nane mchana hapa mawingu yanakuwa yameshafika, na ikinyesha inanyesha kweli, wakati mwingine na mawe ndani yake. Halafu Jumamosi ndiyo siku ya wateja wangu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Kochi ni mwanamume wa miaka thelathini hivi, ana shingo nene na filimbi ambayo haitoki mdomoni hata anapoongea. Nilimkuta mlangoni na daftari. Alimtazama binti yangu kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayechagua mbao. Hakuniuliza miaka yake.

"Mrembo," alimwambia, "pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande ule mwingine."

Kila aliyekulia huku anakijua hicho kipimo. Ndicho walichopimia watu zamani kuingia darasa la kwanza, na kuna walimu ambao mpaka leo wanakiamini kuliko karatasi. Mkono ukifika sikioni umekomaa. Usipofika, rudi nyumbani ukale ugali. Mimi nilirudishwa mara mbili. Nina mikono mifupi, mpaka leo fundi mwenzangu hunicheka nikijaribu kufikia kitambaa cha rafu ya juu. Mara ya pili niliporudishwa nilimpita mama yangu njiani bila kumsalimia, nikajificha kwenye mahindi, na rika langu likaenda shule likaniacha.

Mkono wa binti yangu haukufika tu. Ulilishika sikio, ukalikunja, ukaendelea mpaka shavuni.

"Wakubwa," kochi akasema, akaandika.

Kijitabu cha kliniki kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimekibeba makusudi, tarehe ya kuzaliwa iko ukurasa wa kwanza, imeandikwa na nesi kwa wino mweusi. Muda wa kukitoa nilikuwa nao. Sikukitoa. Nikajiambia kochi anajua kazi yake. Nikajiambia mtoto akichanganywa na wakubwa atachangamka. Hizo zilikuwa hadithi. Nilikuwa nafikiria mvua ya saa nane, na sketi kumi na mbili zilizokuwa zinangoja vifungo. Na pia, acha niseme yote, nilijisikia vizuri. Mimi niliyerudishwa mara mbili, mtoto wangu amepita kwa mkono mmoja. Nilirudi kibandani natembea kama mtu aliyeshinda kura.

Jumamosi ya kwanza alirudi amechoka.

"Mlifanya nini?"

"Sarakasi."

"Ebu onyesha mama."

"Nimechoka."

Ya pili alirudi na magoti mekundu. Nikampaka mafuta. Ya tatu nilimuuliza tena, na akanijibu akiwa anakula, bila kuinua uso kutoka kwenye sahani.

"Mimi nakuwanga chini."

"Chini wapi?"

"Chini. Mimi ni meza."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikadhani ni mchezo fulani wa watoto, kama ule wa paka na panya. Hata nilimsimulia mteja na yeye akacheka.

Nyumbani aliacha kubingirika. Sikuliona hilo upesi, kwa sababu mtu haoni kelele ikiondoka, anaona tu kwamba amepata nafasi. Vitambaa vyangu vilikaa sakafuni bila kukanyagwa. Nilikata mashati sita kwa siku moja. Nikamshukuru kochi moyoni, nikasema sasa amempa nidhamu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jumamosi ya nne stima ilipotea saa nne kasoro, cherehani yangu ikanyamaza katikati ya mfuko wa kaptula. Nikafunga kibanda, nikaenda kumchukua mapema.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi na hakuna aliyeniona. Watoto walikuwa wanajenga piramidi. Watatu walikuwa chini, wameinama kwa magoti na viganja, mgongo umenyooshwa. Huo mkao wanauita meza. Wawili walikuwa juu yao, wameinama vilevile. Na juu kabisa kulikuwa na msichana amesimama, amevaa soksi nyeupe, mikono ameipanua kama ndege. Huyo msichana nilimjua. Ana miaka minane, sare yake nimemshonea mimi, na kiuno chake kinaingia kwenye mkono wa shati la binti yangu. Mama yake alikuwa kando na simu, anarekodi.

Wangu alikuwa chini, katikati. Katikati ndipo uzito wote unaposhukia, mtu hahitaji kwenda shule kujua hilo. Viwiko vyake vilikuwa vinatetemeka. Kamasi ilikuwa imeshuka mpaka mdomoni na hakuwa na mkono wa kuipangusa. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anavuta pumzi kwa vipande, hivyo anavyofanya akijizuia.

"Meza tulia!" kochi akasema kwa filimbi mdomoni. "Tano! Sita!"

"Meza hailii," mtoto mmoja wa pembeni akaimba, na wengine wakapokea, "Meza hailii, meza hailii."

Sikumbuki kuvua viatu, na kwenye magodoro ni lazima kuvua. Nilimkamata yule wa juu kiunoni nikamweka chini kama mzigo wa unga. Wale wawili wakateremka wenyewe. Binti yangu alibaki amekaa vilevile, kwa magoti na viganja.

"Inuka," nikamwambia.

Alimtazama kochi kwanza. Kochi! Akamtazama yeye kuona kama anaruhusiwa kuinuka.

"Madam, hapana, hivyo si vizuri," kochi akaanza. "Ungeniita. Ungewaumiza watoto."

"Mimi ndiye ningewaumiza? Huyu mtoto ana miaka minne!"

"Huyu?"

"Huyu."

Alicheka. Hakucheka vibaya, ndicho kilichoniudhi zaidi, alicheka kama mtu aliyesikia mzaha wa shangazi yake. "Mama, mimi nafunza watoto kila wiki. Huyu ni sita, saba. Na ana nguvu! Hakuna meza kama yeye hapa. Bila yeye kitu yote inaanguka."

Nikatoa kijitabu cha kliniki. Nilikipiga wazi kifuani mwake, ukurasa wa kwanza. Akasoma. Akageuza, akaangalia jalada, akarudi kwenye tarehe.

"Mama, usikasirike nikisema. Wazazi wa huku nawajua. Mpira mnapunguza miaka, mbio mnapunguza miaka. Mwaka jana nililetewa mtoto wa miaka kumi mwenye ndevu. Sasa unataka aende kwa wadogo awe nyota siku ya onyesho, si ndiyo?"

"Nyota wa nini? Mtoto hawezi kusimama kwa mguu mmoja!"

"Ndiyo maana namweka chini," akasema, kwa upole kabisa, kama aliyemaliza kesi.

Yule mama wa simu alikuwa ameshamkumbatia msichana wake. "Na wewe mama," akaniambia, "si tulikuwa wote hapa siku ya kuandikisha? Mimi nilikuwa nyuma yako. Alipimwa sikio ukiona. Ulisema nini?"

Nilichukua kijitabu changu mikononi mwa kochi.

"Ulinyamaza. Ulitabasamu hata. Sasa ni wiki mbili kabla ya onyesho ndio unakumbuka amezaliwa lini?"

Kuna matusi ambayo yangenisaidia wakati ule, ningeyarudisha yote na faida. Lakini huyo mwanamke hakunitukana. Alisema kilichotokea. Nilimshika binti yangu mkono tukatoka, na huku nyuma nikasikia kochi akipiga filimbi na kuuliza, "Nani anaweza kuwa meza ya katikati?" Hakuna aliyejitolea. Nilifurahi, na nikaona aibu kufurahi.

Tulipofika kwenye kona ya kibanda changu alinivuta mkono.

"Mama, nilikuwa naanguka?"

"Hapana."

"Sasa umenitoa kwa nini?"

Jumapili tulienda Malava. Nilitaka mtu wa kukasirika pamoja nami, na nilifikiri mama mkwe atanifaa, kwa sababu huyo mwanamke aliwahi kumfukuza wakala wa miwa kwa jembe. Nilimsimulia yote jikoni. Alikuwa anasonga obusuma, na hakuacha kusonga.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "mtoto mkubwa ni mkubwa. Hii familia yetu tunakuwanga hivyo. Bwana yako huyu, akiwa na miaka mitano alikuwa anabeba maji kutoka mtoni. Mtungi mzima. Watu wanasimama wanashangaa."

"Na alikuwa anataka?"

"Kutaka nini? Maji yalikuwa yanahitajika."

"Mama, wanamkanyaga mgongo."

"Ni watoto wenzake. Wana uzito gani? Yeye ndiye amewashika wote. Hiyo si ni heshima?" Akageuza ule ugali kwa pigo moja, akaupiga mgongo na mwiko. "Na hilo onyesho nakuja kuona. Nimeshaambia wamama wa kanisa."

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, miguu nje. Yeye huendesha trekta la kuvuta miwa, na siku yake ya mapumziko huwa haongei mpaka chakula kiive. Nilikuwa nimemkasirikia tangu Jumamosi, kwa sababu nilipompigia simu alisema tu, "Haya, nimesikia."

"Darasa la kwanza," alisema sasa, bila kugeuka, "walinipeleka darasa la tatu kwa wiki mbili. Mwalimu alisema siwezi kuwa wa kwanza na huu urefu. Nilichapwa kwa kutojua kugawanya. Hata kujumlisha nilikuwa sijui."

Mama yake akaacha mwiko. "Hukuniambia."

"Ulikuwa unasimulia watu nimerushwa darasa."

Mimi badala ya kumhurumia nikazidi kuwaka. "Kwa hiyo unajua! Unajua inavyokuwa, na nilipokuambia anapelekwa kwa wakubwa ulisema vizuri!"

"Nilisema vizuri," akakubali.

"Mbona?"

"Nilidhani yeye ataweza." Halafu akaongeza, "Wewe je?"

Hapo ndipo chakula kikaiva, kwa bahati yake. Mama mkwe aliweka sahani za ugali na kuku chini. Binti yangu akapata paja. Bibi alilikata vipande vidogo, vidogo sana, kama vya mtoto anayeota meno, akavipanga kando ya sahani. Sikumsikia tena akitaja onyesho siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata niliandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda: NIMETOKA. Sikuandika nitarudi saa ngapi. Mteja mmoja alinipigia simu mara nne akitaka sweta, mara ya tano nikazima. Saa nane kamili tulikuwa ukumbini, kikundi cha wadogo.

Nilikuwa nimejiandalia vita na kochi. Sikuwa nimejiandalia vita na mtoto wangu. Alipoona wale wadogo, mmoja na chupa ya uji shingoni, mwingine anavuta kaptula, alisimama mlangoni akashika fremu kwa mikono miwili.

"Hapa ni kwa watoto."

"Wewe ni mtoto."

"Mimi ni wa wakubwa. Nimefanya makosa gani?"

Nilichuchumaa. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, yote yakawa yanahusu kochi. "Hukufanya makosa," nikasema. "Mimi ndiye nilikosea. Nilikupeleka mahali si pako."

"Kwa sababu niko mkubwa?"

"Kwa sababu nilikuwa na kazi."

Hilo hakulielewa, na sikulitarajia alielewe. Aliniacha nimvute ndani, miguu ikiburuta.

Mwalimu wa wadogo ni msichana aliyemaliza shule majuzi, sauti yake ndogo, na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati kiasi kwamba alifundisha kwa mikono tu. Watoto walimzunguka binti yangu. Mmoja mwenye kofia ya sufu alimtazama juu kwa muda mrefu, akamnyooshea mguu wenye kiatu.

"Mwalimu, nifungie."

"Mimi si mwalimu."

"Wewe ni nani?"

Alifikiria. Niliona anafikiria. Halafu akachuchumaa akajaribu kumfungia, na hajui kufunga, kwa hiyo alizungusha kamba mara tatu kwenye mguu wa yule mtoto na kuichomeka ndani ya soksi. Mtoto akaridhika akaenda zake. Wangu akarudi ukutani, akabaki hapo. Walipoitwa kubingirika hakwenda. Walipoitwa mara ya pili akatikisa kichwa. Mwalimu alinitazama, nikamwashiria amwache.

Ndipo kochi alipoingia, amejifunika gazeti kichwani, maji yanamtiririka. Alitutafuta kwa macho, akaja moja kwa moja.

"Mama, nimekuwa nikikutafuta kwa simu."

"Nimezima."

"Sikiza, tusikosane. Hiyo kitabu yako nimefikiria. Sawa, ni minne, nakubali. Abaki huku na wadogo, hakuna shida. Lakini wiki ijayo ni onyesho, na nimejaribu watoto watatu pale katikati, wote wanazama. Nisaidie siku hiyo moja. Dakika mbili. Meza tu, halafu anarudi kwa wenzake."

Alikuwa anasema kwa sauti, kwa sababu ya mabati. Na kabla sijafungua mdomo niliona kitu kando yangu kikishuka. Binti yangu alikuwa amesikia neno lake. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, nje ya magodoro, akaweka viganja chini, akanyoosha mgongo, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia. Alijiweka tu, kama mtu anavyovuta kiti mgeni akifika, akangoja kupandwa.

Sijui nilimwambia kochi maneno gani yote. Nakumbuka nilimwambia maduka ya fanicha yako mengi hapa mjini, aende anunue meza ya mninga, haitakua, haitatetemeka, ataweka juu yake hata kanisa zima. Nakumbuka nilimwambia mambo kuhusu filimbi yake ambayo hayafai kusemwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Wazazi wengine waligeuka. Mwalimu wa wadogo akawaelekeza watoto waangalie dirishani, tazama mvua, tazama mvua. Na kochi, nitampa haki yake, alikuwa anatazama chini, kwa yule mtoto aliyeinama, na nadhani kwa mara ya kwanza alimwona. Akatoa filimbi mdomoni.

"Inuka, mrembo," akamwambia. "Inuka, imeisha."

Hakuinuka. Nilimwinua mimi. Ni mzito, jamani, nilimwinua na goti langu likalia, nikakaa naye sakafuni, miguu yake imepita ya kwangu. Na hapo akalia. Alilia kwa sauti yote, mdomo wazi, kamasi, mateke, kilio cha mtoto aliyenyimwa ziwa. Kilishinda mabati. Mtoto wa kofia ya sufu alikuja kuangalia, akaona ni kilio cha kawaida, akarudi kubingirika. Hakuna mtu katika ule ukumbi aliyemwambia chochote kuhusu ukubwa wake. Angethubutu!

Kochi alitoka bila gazeti lake. Niliambiwa baadaye kwamba piramidi waliiondoa kwenye onyesho, wakaweka ngoma. Mama wa yule msichana wa soksi nyeupe hanisalimii tena, na sare ya mtoto wake amepeleka kwa fundi mwingine. Sijaenda kumwomba msamaha wala sitaenda, ingawa alichoniambia siku ile kilikuwa kweli na nimekimeza.

Alilia mpaka akachoka. Halafu akateremka kwenye mapaja yangu, akatambaa, kwa sababu zake mwenyewe, mpaka kwenye godoro la mwisho lililokuwa tupu, akalala chali. Mwalimu alipita akamruka. Watoto walibingirika kushoto na kulia kwake kama viazi vimemwagika. Mmoja alimgonga mbavu kwa kisigino, wangu akasema "Aya!" kwa hasira, akamsukuma, na yule akamsukuma pia. Wakasukumana kidogo, watoto wawili wa miaka minne, mmoja mrefu mara mbili ya mwenzake.

Siku hiyo hakubingirika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na soksi zilizolowa, kibanda kimefungwa, sketi za watu hazina vifungo, na bado nina hasira na kila mtu, nikianza na mimi. Mvua haikuwa na dalili ya kuisha. Saa kumi mwalimu alipiga makofi kumaliza, na binti yangu, akidhani ni ya kitu fulani alichofanya, akainua kichwa kutoka godoroni akaangalia kama mimi pia napiga.